Mkokoteni ukiuacha husimama. Basi mbona kitabu kinasema utaendelea kwenda?

Swali hili limetoka kwa baba mmoja wa hapa Nairobi. Nimelipunguza kidogo tu:

"Mwalimu, salamu. Kazi yangu ni kusukuma mkokoteni katika soko la Marikiti, na huu ni mwaka wa 19. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Juzi usiku alikuwa akisoma kwa sauti, nikamsikia akisema kwamba kitu kikishaanza kwenda, kitaendelea kwenda bila kusukumwa. Nikamwambia hilo si kweli, aje kesho nimwonyeshe. Nikiacha kusukuma, mkokoteni unasimama. Akasema ndivyo kitabu kinavyosema na ndivyo atakavyojibu mtihani. Tumebishana siku tatu sasa. Jambo la pili: basi likifunga breki ghafla abiria hurushwa mbele. Ni nini kinachowasukuma, na nyuma yao hakuna mtu? Nieleze kwa Kiswahili nielewe, maana sikuendelea na shule."

Baba, nashukuru kwa kuandika. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari hapa mjini kwa miaka mingi, na sentensi hiyo aliyoisoma binti yako nimeiandika ubaoni mara nyingi mno. Darasa zima huinakili na kugeuza ukurasa. Ni wachache sana wanaoinua mkono na kusema, "Lakini mkokoteni husimama." Wewe umeinua mkono, na swali lako ndilo lililowachukua wasomi karibu miaka elfu mbili kulijibu sawasawa. Kwa hivyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Uliyoyaona kwa miaka 19 ni kweli. Kitabu cha binti yako nacho kinasema kweli. Mnabishana kwa sababu sentensi ilisomwa nusu. Ukamilifu wake ni huu: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani itoke nje ije ikibadilishe. Kani ni jina la msukumo au mvuto wowote: mikono yako, kamba, upepo, uzito, breki. Ukiuacha mkokoteni, mikono yako imeondoka. Kuna kani nyingine haikuondoka, nayo imekuwa ikiusukuma mkokoteni nyuma tangu ulipoanza safari. Hiyo ndiyo inayousimamisha.

Njoo tuitafute mahali ilipo. Nimewahi kusimama kando ya Marikiti alfajiri, lori za viazi zikishusha, nikaangalia tairi za mikokoteni badala ya kuangalia watu. Tairi ya gari iliyokwisha kuchakaa, ikibebeshwa mzigo, hulala kidogo pale inapogusa lami. Sehemu hiyo hubonyea, gurudumu likizunguka hunyooka, na sehemu inayofuata nayo hubonyea. Mpira haurudishi nguvu yote iliyotumika kuubonyeza. Nyingine hugeuka joto na kupotelea hewani. Kwenye ekseli, chuma kinasugua beringi, na grisi ikikauka utasikia kilio chake kutoka ng'ambo ya barabara. Halafu kuna kokoto, ganda la ndizi, ufa wa lami, na kila kimoja lazima gurudumu likipande. Mhandisi angevitenganisha hivi vyote na kuvipa majina mbalimbali. Mimi hapa nitaviita kwa jina moja, msuguano.

Sasa tuhesabu, kwa makadirio. Tuseme umepakia magunia manane ya viazi ya kilo 50, na mkokoteni wenyewe ni kilo 100. Jumla kilo 500. Dunia huivuta kila kilo moja kwa kani ya karibu newton 9.8, na newton moja ni karibu uzito wa nyanya ya gramu 100 ukiishika kiganjani. Mzigo wako wote basi unavutwa chini kwa newton 4,900 hivi. Uzito huo wote umebebwa na barabara, wewe hubebi hata gunia moja. Kwenye lami tambarare, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, msuguano wa kuuzuia mkokoteni huwa sehemu kama 2 katika kila 100 za uzito huo. Hiyo ni newton 100, sawa na uzito wa ndoo yenye lita 10 za maji.

Unaposukuma kwa mwendo mmoja usiobadilika kwenye Barabara ya Haile Selassie, mikono yako inasukuma newton 100 kwenda mbele, na msuguano unasukuma newton 100 kurudi nyuma. Zinatoana. Kinachobaki juu ya mkokoteni ni sufuri. Na mkokoteni uliobakiwa na sufuri unafanya nini? Unaendelea kwenda kwa kasi ile ile, kama kitabu cha binti yako kinavyosema. Kila siku ya kazi yako umekuwa ukiishuhudia sentensi hiyo bila mtu kukuonyesha iko wapi. Jasho lako lote la barabara tambarare linakwenda kuulipa msuguano. Mwendo wenyewe haukudai kitu.

Ukiachilia sasa, newton zako 100 zimetoka na zile za msuguano zimebaki peke yake. Zinazigawana zile kilo 500 za mkokoteni na mzigo, na mkokoteni unapoteza mita 0.2 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Ikiwa ulikuwa ukitembea mita 1.2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu wa kawaida, utasimama baada ya sekunde 6, umeshakwenda mita 3.6 peke yake. Hatua tano hivi. Zile hatua tano ndizo ninazotaka uzitazame kesho. Kama mkokoteni ungehitaji kusukumwa ili uende, ungesimama papo hapo mikono yako inapotoka. Hausimami papo hapo. Unakwenda hatua tano bila mtu, kisha msuguano unaumaliza.

Punguza msuguano nusu, utakwenda mita 7.2. Uweke kwenye reli, ambako chuma hupita juu ya chuma na msuguano ni mdogo mara kumi au zaidi kuliko tairi kwenye barabara, mzigo ule ule ukiachwa kwa mwendo ule ule utakwenda mita 36 na zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya dereva wa treni kuanza kufunga breki mbali sana kabla ya stesheni. Sasa endelea kupunguza kwa mawazo mpaka msuguano uishe kabisa. Mkokoteni utasimama wapi? Hakuna mahali.

Hatua hiyo ya mwisho, ya kuondoa kwa mawazo kitu ambacho hakiondoki kwa mikono, ndiyo iliyokuwa ngumu kwa wanadamu. Aristotle wa Ugiriki, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, alifundisha hivyo hivyo unavyosema wewe: kinachosukumwa huenda, kikiachwa husimama. Hakuwa mjinga, alikuwa akitazama mikokoteni na ng'ombe wa kulima. Huku kwetu Afrika, mjini Alexandria, Misri, katika karne ya 6, mwanafalsafa Yohana Philoponus aliuliza: mshale ukishaachana na uta, ni nani anayeusukuma? Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alifikia kusema kwamba kitu kilichorushwa mahali pasipo na chochote cha kukizuia hakingekuwa na sababu ya kusimama. Kisha akaja Galileo wa Italia, ambaye hakuishia kwenye maneno. Alichukua mpira mdogo akauachilia kwenye ubao wa mteremko.

Jaribio lake la mawazo binti yako anaweza kulifanya nyumbani kwa gololi, zile ambazo watoto wa Eastlands huziita bano. Weka mbao mbili laini zikitazamana, kama bonde. Achilia gololi kutoka juu ya ubao wa kwanza: itashuka, itapanda wa pili, na itafika karibu urefu ule ule wa kwenda juu ilikotoka, pungufu kidogo kwa sababu ya msuguano. Laza ubao wa pili kidogo. Gololi itakwenda mbali zaidi kabla ya kufikia urefu ule. Ulaze tena, itakwenda mbali zaidi tena, kama mtu anayetafuta urefu alioupoteza. Galileo akauliza: na ubao wa pili ukilazwa ukawa tambarare kabisa, urefu ule gololi itaufikia wapi? Haitaufikia kamwe, kwa hivyo haina pa kusimamia. Isaac Newton, Mwingereza, ndiye aliyekuja kuiandika kama sheria ya kwanza ya mwendo katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Ile tabia ya vitu kukataa kubadilishiwa mwendo tunaiita inersia. Neno ni la kigeni, lakini jambo lenyewe liko mikononi mwako kila asubuhi. Mkokoteni mtupu unauanzisha kwa mkono mmoja huku ukipiga gumzo. Uliojaa, inabidi uinamishe kichwa, urudishe mguu nyuma, usukume kwa mwili mzima, na hapo mwanzoni unajiona kama unasukuma ukuta. Wengi hudhani ni uzito unaowashinda. Uzito, kama nilivyosema, umebebwa na barabara. Kinachokushinda pale mwanzoni ni mambo mawili: msuguano, ambao huwa mkubwa zaidi tairi zikiwa zimetulia kwenye kishimo, na tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, unaokataa kutoka kwenye utulivu. Kuutoa mkokoteni wa kilo 500 kwenye utulivu mpaka mita 1 kwa sekunde, ndani ya sekunde 4, kunataka newton 125 juu ya zile 100 za msuguano. Ukishachangamka, zile 125 huzihitaji tena. Ndiyo maana unapumua vizuri zaidi ukishaanza kwenda, na ndiyo maana unaudhika mtu akikukatia njia mbele na kukulazimisha usimame. Anakudai newton 125 upya.

Uzito na tungamo watu huvichanganya sana, hata walimu. Mwezini, gunia lako la kilo 50 lingekuwa na uzito wa karibu sehemu moja ya sita ya hapa. Ungelinyanyua kama gunia la kilo 8. Lakini ukijaribu kulisukuma pembeni kwa ghafla, lingekataa kama linavyokataa Marikiti, kwa sababu viazi ni vile vile na wingi wake ni ule ule.

Na sasa nifike mahali ambapo ninaomba uniangalie usoni, maana hapa hesabu inagusa maisha yako. Inersia ile inayokataa kuanza ndiyo hiyo hiyo inayokataa kusimama. Chukua mteremko wa kutoka eneo la Community kushuka mjini. Sitadai nimeupima, tuseme tu mahali fulani barabara inashuka mita 1 kwa kila mita 20. Sehemu ya uzito wa mzigo wako sasa inausukuma mkokoteni mbele: newton 245. Toa newton 100 za msuguano, zinabaki 145 zinazouongezea kasi bila wewe kugusa. Ukiponyoka mikononi ukaenda mita 50, utakuwa umefika kilomita 19 hivi kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote, na amebeba tani nusu.

Ukitaka kuusimamisha hapo ndani ya sekunde 2, unahitaji kani ya karibu newton 1,500 ya kuvuta nyuma. Ni uzito wa magunia matatu ya viazi. Hakuna mikono ya mtu inayotoa hiyo huku miguu ikiteleza kwenye lami. Nimeona wenzako wanaofunga kipande cha tairi kuukuu nyuma ya mkokoteni, kisha wakifika mteremkoni wanainua mikono ya mbele na kukalisha sehemu ya nyuma chini, mpira ukasugua lami. Hiyo ni fizikia safi: wameuongeza msuguano makusudi, na wameufanya uzito wenyewe wa mzigo uubonyeze mpira barabarani. Msuguano huo unatakiwa uanze kabla kasi haijapanda. Mkokoteni unaoshuka kwa mwendo wa kutembea, newton 145 zinatosha kuuzuia usiongeze kasi. Ukishaponyoka ukafika ile kasi ya juu, deni linakuwa mara kumi. Na ukipakia magunia manne badala ya manane, tungamo inashuka mpaka kilo 300, na kani ya kuusimamisha inashuka nayo kwa kiasi hicho hicho. Ningependa kila anayeajiri msukuma mkokoteni aijue hesabu hii kabla ya kusema "ongeza gunia moja."

Basi sasa nije kwenye swali lako la basi, na utaona ni lile lile limevaa nguo nyingine.

Abiria aliye ndani ya basi anakwenda. Husahau hilo kwa sababu ameketi na kiti kinamtazama kimetulia, lakini ukisimama kando ya Barabara ya Thika utamwona akipita dirishani kwa kasi ya basi. Tuseme ni kilomita 72 kwa saa, kwa kuwa hapo hesabu ni nyepesi: mita 20 kwa kila sekunde. Dereva anafunga breki. Breki zimeyashika magurudumu, magurudumu yameishika lami, lami imelizuia basi. Ni nani aliyemshika abiria? Viatu vyake vimeshikwa na sakafu, makalio yameshikwa kidogo na kiti. Kifua na kichwa hakuna aliyevishika, navyo vinaendelea na ule mwendo viliokuwa nao. Hakuna kitu kilichomsukuma mbele. Basi limepungua kasi, yeye hajapungua. Akikaa ndani, macho yake yanapima kila kitu kwa kiti kilicho mbele yake, na kiti kinamjia, kwa hivyo anasema "nimerushwa."

Mwambie binti yako asiandike kwenye mtihani kwamba "kani ya inersia ilimsukuma abiria". Inersia haisukumi mtu. Inersia ni kutobadilika. Kani ndiyo inayobadilisha. Ni kosa ninalolikuta kila mwaka katika karatasi za wanafunzi hodari kabisa. Vivyo hivyo matatu ikikata kona kushoto na wewe ukamwegemea jirani wa kulia. Ulikuwa unakwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Gari ndilo lililoingia kushoto chini yako.

Dereva akisimama taratibu, kwa sekunde 4, mtu wa kilo 70 anahitaji newton 350 kumpunguza kasi pamoja na basi. Akishika chuma cha kiti cha mbele, anaweza. Lakini gari likigonga kitu likasimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, anahitaji newton 14,000, uzito wa karibu tani moja na nusu. Na mama aliyempakata mtoto wa kilo 10, akiamini mikono ya mama haiwezi kumwachia mwanawe, angehitaji kushika newton 2,000, yaani kilo 200, ghafla. Mapenzi yake hayana upungufu wowote. Mikono haina hesabu hiyo. Mkanda ndio kani inayotoka nje kukishika kifua wakati basi linaposhikwa na lami. Mwezi wa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na watu wazima mnakumbuka mistari ya abiria waliokuwa wakitembea kwa miguu siku hizo za kwanza. Mikanda mingi ya viti ninavyokalia leo imekatika au imejifunga chini ya kiti. Inaniuma, kwa sababu sheria ya Newton haikukatika.

Jioni mkikaa nyumbani, fanyeni jaribio la mayai. Nunua yai moja bichi na jingine kwa yule kijana anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, umwombe asilimenye. Yazungushe yote mawili juu ya meza kama pia. Kisha liguse kila moja kwa kidole, lisimame, na uondoe kidole mara moja. Lililochemshwa litabaki limesimama. Bichi litaanza kuzunguka tena lenyewe, polepole, mbele ya macho yenu. Kidole kilisimamisha ganda. Uji wa ndani haukuambiwa chochote, ukaendelea kuzunguka, na ulipoachiwa ukalivuta ganda. Uji ule ndio abiria, na ganda ndilo basi.

Kuna swali ambalo binti yako atalileta wiki zijazo, afadhali nikuandalie jibu. Sheria ya tatu ya Newton inasema ukisukuma kitu, nacho hukusukuma wewe kwa kani ile ile. Atauliza: kama mkokoteni unamsukuma baba nyuma sawa na baba anavyousukuma mbele, mbona kani hizo hazitoani na wote wawili wakabaki pale pale? Jibu ni kwamba kani hutoana zikiwa juu ya kitu kimoja. Hapa moja iko juu ya mkokoteni na nyingine iko juu yako. Kinachokufanya usirudi nyuma ni kwamba viatu vyako vinaisukuma barabara nyuma, na barabara inakusukuma wewe mbele. Siku ya mvua, njia ikijaa tope jeusi na majani ya kabeji, mikono yako ina nguvu zile zile za jana lakini husongi, kwa sababu tope halikubali kusukumwa. Unajua hilo kuliko mimi.

Labda bado moyo wako unasema: sawa, Mwalimu, lakini ni wapi hasa mtu amewahi kuona kitu kikienda bila kusukumwa? Nitakupa mfano wetu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, imebeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Waliipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na nchi hii. Roketi iliisukuma kwa dakika chache tu, kisha ikaiachilia. Kuanzia hapo Uhuru ilizunguka dunia kwa zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, bila injini ya kuisukuma mbele. Mvuto wa dunia uliipinda njia yake ikawa duara badala ya mstari, lakini mwendo wenyewe ilikuwa nao tangu ilipoachwa. Hata hivyo huko juu pia kuna hewa, nyembamba mno, na hewa hiyo iliiguguna kidogo kidogo. Mwaka 1979 ikaanguka na kuungua. Msuguano ule ule wa Marikiti, ila huko ulihitaji zaidi ya miaka minane kumaliza kazi unayoifanya hapa msuguano huo kwa sekunde sita. Chombo kingine cha Marekani, Voyager 1, kilirushwa mwaka 1977, na kwa kuwa kiko mbali ambako karibu hakuna cha kukizuia, mpaka leo kinakwenda kilomita 17 hivi kila sekunde bila kusukumwa na chochote.

Sasa nina ombi. Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, tafuteni mahali tambarare kabisa, wewe na binti yako. Pakia mzigo mnaoujua uzito wake. Piga mstari wa chaki. Sukuma kwa mwendo wa kawaida mpaka kwenye mstari, achilia pale pale, na binti ahesabu sekunde mpaka mkokoteni usimame, kisha mpime umbali kwa hatua zako. Fanyeni mara tano, msichukue mara moja tu. Halafu nendeni mkajaze upepo tairi zote mbili mpaka ziwe ngumu, mtie beringi grisi, mrudi mstari ule ule na mzigo ule ule, mpime tena mara tano. Niandikie namba zote kumi, hata zile zinazoonekana kuharibika, pamoja na uzito wa mzigo. Nitazitumia kuhesabu msuguano wa mkokoteni wako wewe, tuache hili kadirio langu la newton 100.